Mkimbizi Arudi Kwao Namna Gani?

Wakatekista wengi wanatuuliza: Wanyarwanda walioingia inchi yetu mwaka 1994, je, si lazima warudi kwao? Swali hili linasikika Beni na Butembo, na zaidi katika milima ya Lubero, ambamo wengi wao walikaa. Tujibu kwa utaratibu.

Kwanza, mambo yalivyokwenda. Mwaka 1994 watu zaidi ya milioni moja walikimbilia Kivu. Kati yao walikuwamo wauaji wenye silaha. Walikuwamo pia wakulima, wajane na watoto. Mwisho wa 1996 makambi yalishambuliwa: mamia ya maelfu wakarudi Rwanda, wengine wakaingia porini. Kisha vikundi vya silaha, kama FDLR, vikawatesa wenyeji wa Lubero na kuwanyang'anya mali. Uchungu wa wenyeji ni wa haki.

Pili, sheria. Mapatano ya Geneva ya 1951, fungu la 33, yanakataza kumrudisha mkimbizi pahali penye hatari kwa maisha yake. Mapatano ya Afrika ya 1969, fungu la 5, yanaagiza kurudi kuwe kwa hiari. Ni kweli, HCR ilishauri kwamba ukimbizi wa waliotoka Rwanda kati ya 1959 na 1998 ukome mwisho wa 2017. Lakini mwenye sababu nzito ya kuogopa, shurti asikilizwe yeye mwenyewe. Muuaji naye apelekwe mbele ya waamuzi, mapatano hayamkingi. Mtoto aliyezaliwa Lubero hana kosa la mtu huyo.

Tatu, hatari ya haraka. Mwezi wa Mei 2025, Goma ikiwa mikononi mwa M23, mamia ya watu walivushwa mpaka kwenda Rwanda. Wengine kati yao walisema wao ni Wakongomani. Pasipo kuuliza, mwenyeji pia hufukuzwa.

Askofu Mkubwa Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliwatetea wakimbizi na wenyeji pamoja, akauawa tarehe 29 Oktoba 1996.

Basi, sisi tufanye nini? Tusiite kila mkimbizi adui. Tuulize: mtu huyu ni nani, anaogopa nini, amekubali mwenyewe? Waamini wetu watafahamu upesi. Tangu mauaji ya Oktoba 2014, wengi waliacha kakao yao Beni wakakimbilia Butembo. Wanajua ginsi neno «rudi» linavyokuwa zito, kama amani haijatangulia.