Mkeka wa Barazani

Ndugu zetu wa Visiwani waletwao Sumbawanga kikazi huja na mikeka ya ukindu, kisha wakajiuliza kama yafaa kununua ya plastiki kwa ajili ya baraza. Swali hilo si dogo, maana fedha ni ya mshahara. Uwanda wa juu wa Ufipa u mita 1,800 hivi juu ya bahari, na mvua hunyesha Novemba hata Aprili. Ukindu ukirowa huota ukungu, ukaoza. Plastiki hukung'utwa ikakauka, ila jua kali huivunjavunja.

Sisi twasema: pasipo paa, nunueni ya plastiki. Penye paa, na hasa katika ofisi za umma, fedha hiyo iwafikie akina mama wasukao ukili Unguja na Pemba.