Mtamba Aliyeuzwa kwa Rafiki

Miongoni mwa dhana potofu zinazowatia watu hasara katika milima ya Usambara, tangu Mlalo na Mtae hata Soni na Bumbuli, sijaona iliyoenea kama ile isemayo kwamba mapatano ya mdomo si mapatano, na kwamba aliyemwuzia sahibu yake kitu kwa kuaminiana hana la kufanya akicheleweshewa malipo ila kunyamaza, au kumwendea mganga. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haisemi hivyo: watu wazima wenye akili timamu wakiridhiana bila ya kushurutishwa, juu ya jambo la halali na kwa malipo, wamefunga mkataba, ijapokuwa hapana karatasi.

Nilikusudia kueleza kwa taratibu mambo matatu, yaani milki, ushahidi na mahakama. Lakini la kwanza ndilo linalokosewa zaidi, na halielezeki bila ya mfano. Tuseme mtu wa Magamba amemwuzia rafiki yake wa Irente mtamba wa maziwa kwa shilingi 900,000, akapokea 300,000 papo hapo, na zilizosalia zikaahidiwa baada ya mavuno ya viazi. Viazi vikavunwa, vikashuka Mombo kwa lori, na fedha isionekane. Muuzaji, kwa ghadhabu, husema mtamba bado ni wake maadamu hajalipwa, akaazimia kwenda kumfungua zizini usiku. Hilo ni kosa kubwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, yasema kwamba kitu mahususi kilicho tayari kukabidhiwa, kikiuzwa bila ya sharti, milki yake humhamia mnunuzi pale pale mapatano yanapofungwa, hata kama malipo yameahirishwa. Basi mtamba akizaa, ndama ni wa mnunuzi. Akifa kwa ndigana, hasara ni ya mnunuzi, na deni halipungui hata senti. Mtamba angali mikononi mwa muuzaji, na muda wa kulipa umepita, muuzaji aweza kumzuia mpaka alipwe. Akiisha kumtoa, alichobaki nacho ni deni la shilingi 600,000, si mnyama. Atakaye vinginevyo na aweke sharti waziwazi, mbele ya watu, kwamba milki haihami kabla ya malipo kutimia.

Wajanja hujibu kwamba sheria hiyo hiyo yataka maandishi kwa bidhaa ya shilingi 200 na zaidi. Ni kweli, walakini sharti hilo huondoka mnunuzi akishaipokea bidhaa na kuikubali, au akishatoa sehemu ya bei. Na huyu wa Irente amefanya yote mawili.

Ama ushahidi, wapo waliokuwapo zizini siku ya makabidhiano, na zimo simuni jumbe za kuomba muda na za fedha zilizotumwa, ambazo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yaruhusu zipokewe mahakamani. Wako wanaoacha hayo yote wakamsomea mdeni Albadiri ili apatwe na balaa. Nao ni watu wenye Kurani majumbani mwao, ambamo aya ndefu kupita zote, ya 282 ya Sura al-Baqara, inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe! Kutisha watu kwa kisomo hakulipi deni, na mdeni akiugua homa hajalipa.

Wala polisi si wakusanya madeni. Kutolipa peke yake ni jambo la madai, wala si jinai, na mahali pake ni Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri husikilizwa kwa Kiswahili, na ushahidi mzito zaidi ndio unaoshinda, bila ya kudaiwa uhakika usio na shaka. Lushoto, huku huku Usambara, ndiyo yenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1991. Haifai watu wake wawe wa mwisho kulijua hili.

Muda wa kudai ni miaka 6, nao huanza upya mdeni akilipa sehemu. Kwa hiyo, kabla ya kushitaki, nenda kwa rafiki pamoja na shahidi, mtajie kiasi na tarehe, umwandikie pia, na kila alipapo kidogo mwandikie stakabadhi mtie sahihi wote wawili. Urafiki hauvunjwi na dai lililo wazi. Aghalabu huvunjwa na miaka ya kunung'unika kwa majirani.