Mbwa Wako Anacheza, au Amekasirika?

Leo twazungumza habari za mbwa, mlinzi wa nyumba zetu.

Jioni umerudi kutoka shambani. Mbwa wako anakujia mbio. Ameinamisha kifua mpaka chini, miguu ya mbele ameinyosha, sehemu ya nyuma ameiinua juu, na mkia unacheza. Mara anaruka kando na kubweka. Je, ataka kukuuma? La. Anakuambia, "Njoo tucheze." Hana maneno, husema kwa mwili wake.

Utajuaje kwamba ni mchezo? Mwili wake ni mlegevu, na mdomo uko wazi. Akikushika mkono kwa meno, habani kwa nguvu. Hata akinguruma mnapovutana kamba, huenda ni mchezo tu.

Sasa tazama mbwa mwingine. Amekakamaa, hajongei. Macho ameyakaza, midomo imepanda, meno yanaonekana. Huyo hachezi. Usikimbie wala usimkazie macho. Rudi nyuma polepole. Usidanganywe na mkia: mbwa mwenye hasira naye aweza kuutikisa, lakini huwa umesimama mgumu. Waambie watoto wasimguse mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha.

Mtoto wa mbwa afundishwe mapema. Asichezee mikono yako. Mpe kamba au kipande cha gunia. Akiuma kwa nguvu, acha mchezo pale pale, wala usimpige. Akiona kwamba kuuma humaliza mchezo, ataacha.

Liko jambo moja kubwa. Mtu huumwa na mbwa akasema, "Alikuwa akicheza tu," akanyamaza. Hilo ni kosa. Kichaa cha mbwa huingia kwa mate, hata katika mkwaruzo mdogo. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile, waamue kama wahitaji sindano. Usingoje dalili, zikisha kutokea, karibu kila mgonjwa hufa. Na mbwa wako mpeleke kwa bwana mifugo achanjwe kila mwaka.

Maswali ya darasa:
1. Mbwa anayetaka kucheza husimamaje?
2. Mtoto wako akikwaruzwa na meno ya mbwa, utafanya nini kwanza?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.