Akibadilika ghafla, usikimbilie kusema amerogwa

CHUKULIA una rafiki wa miaka 22, mchangamfu, hana historia ya ugonjwa wa akili. Anaanza kwa homa na kuumwa na kichwa. Wiki inayofuata halali, anasikia sauti na kudai watu wanamfuata. Kisha anaanguka na kupata degedege.

Mtaani hukumu ishatolewa: ni mihadarati, ameachwa na mpenzi, au amerogwa.

Huenda chanzo kiko mbali na kichwa, kwenye ovari.

Mnamo 2007, daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake waliripoti kuhusu wanawake 12 waliokuwa na dalili kama hizo. Wote walikuwa na uvimbe uitwao teratoma, 11 kati yao kwenye ovari.

Teratoma si uvimbe wa kawaida. Ndani yake mnaweza kuwa na nywele, meno, hata seli za neva. Kinga ya mwili ikiziona seli hizo mahali zisipofaa, hutengeneza silaha za kuzipiga. Shida ni kwamba silaha hizo hushambulia pia ubongo, hasa vipokezi vya NMDA vinavyosaidia kumbukumbu na fikra.

Teratoma nyingi si saratani, na si kila mgonjwa ana uvimbe. Katika utafiti wa 2013 uliohusisha wagonjwa 577, uvimbe ulipatikana kwa asilimia 38. Wanaume na watoto pia huugua.

Kwa wenye umri mkubwa, hasa wavutaji sigara, kinga inaweza kukosea vivyo hivyo kwa sababu ya saratani ya mapafu. Katika ugonjwa wa Lambert-Eaton, miguu huishiwa nguvu, wakati mwingine kabla saratani yenyewe haijajulikana.

Habari njema? Uvimbe ukitolewa na kinga ikatulizwa kwa dawa mapema, wengi hupata nafuu, ingawa safari huchukua miezi.

Kwa hivyo mtu akibadilika ndani ya siku au wiki chache, usichukulie poa. Mpeleke hospitalini, haraka zaidi akipata degedege. Mweleze daktari mabadiliko yalianza lini na yapi yalitangulia. Uliza kama kuna haja ya kupima maji ya uti wa mgongo na kupiga picha ya nyonga.

Maombi ni sawa. Lakini mwombeeni mkiwa njiani kwenda hospitalini.