Chuma tele Kariobangi, njaa ya chuma baharini

Kariobangi Light Industries, Nairobi, hakuna anayelilia chuma. Kando ya Outer Ring Road, mafundi wa jua kali huanza asubuhi kukata, kuchomelea na kugonga: mageti, milango, mashine za kusaga mahindi, mashine za kukatia nyasi za ng'ombe. Skrapu imerundikwa kila pembe, na kutu imekolea ardhini kiasi kwamba mvua ikinyesha maji ya mtaroni hugeuka rangi. Ukipanda kuelekea Kiambu na Limuru, wekundu wa mashamba nao ni kazi ya chuma. Kwa uzito, madini haya ni karibu asilimia 5 ya gamba la dunia.

Kusini kabisa, katika bahari inayoizunguka Antaktika, hali ni kinyume. Lita moja ya maji ya juu huko hubeba chuma kinachopimwa kwa sehemu chache za bilioni ya gramu. Naitreti ipo, fosfeti ipo, na wakati wa kiangazi jua halitui ila kwa muda mfupi. Hata hivyo planktoni, vijimea visivyoonekana kwa macho ambavyo ndivyo malisho ya bahari nzima, hudumaa. Karibu theluthi moja ya bahari za dunia ina upungufu wa namna hii.

Kinachosababisha haya ni kutu ile ile. Chuma kikikutana na oksijeni majini hugeuka kutu, na kutu haiyeyuki, huzama. Zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, kabla oksijeni haijaenea duniani, bahari ilijaa chuma kilichoyeyuka, na viumbe vya mwanzo vikajijenga kwa kukitegemea. Vizazi vyao bado vinakihitaji ili kutengeneza klorofili na kunasa nguvu za jua. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, kama kile kilicho ndani ya vidonge anavyopewa mama mjamzito kliniki, lakini kisipokuwepo kila kitu hulegea.

Aliyelipigania wazo hili ni John Martin, mkurugenzi wa maabara ya bahari ya Moss Landing, California. Mwaka 1988 aliwaambia wanasayansi wenzake kwamba akipewa nusu meli ya chuma angeweza kuirudisha dunia kwenye enzi ya barafu. Alisema kwa utani, lakini hoja yake ilikuwa nzito. Barafu ya kale iliyochimbwa Antaktika inaonyesha kwamba nyakati za baridi kali zilikuwa na vumbi jingi hewani na hewa ukaa kidogo. Martin aliamini kuwa vumbi lile liliipa bahari chuma, planktoni zikasitawi, zikaivuta hewa ukaa. Alifariki Juni 1993, miezi michache kabla wenzake hawajamwaga karibu kilo 450 za chuma katika kilomita 64 za mraba za bahari karibu na visiwa vya Galapagos. Planktoni ziliongezeka. Waliporudia mwaka 1995, maji ya samawati yaligeuka kijani mbele ya macho yao. Hadi mwaka 2009 majaribio ya namna hiyo kwenye bahari wazi yalikuwa yamefika 13.

Hapo ndipo wengi walipokimbilia kushangilia, na hapo ndipo inapobidi kusoma hesabu kwa makini. Kijani si kaboni iliyohifadhiwa. Planktoni hufyonza hewa ukaa zinapokua, lakini nyingi huliwa au huoza zikiwa bado karibu na juu, na kaboni ile hurudi hewani katika wiki au miezi. Inayohesabika ni ile inayozama kilomita moja na zaidi, ambako inaweza kukaa karne nyingi. Mwaka 2004 meli ya Ujerumani, Polarstern, ilirutubisha eneo la bahari ya kusini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba angalau nusu ya planktoni zilizoota zilizama chini ya mita 1,000. Zilikuwa diatomu, zenye maganda ya silika na tabia ya kushikamana zinapokufa. Mwaka 2009 meli hiyo hiyo ilirudi kusini pamoja na wanasayansi wa India, wakarutubisha kilomita 300 za mraba. Silika ilikuwa haba, diatomu hazikushamiri, vidudu vya majini vikazila planktoni zilizoota, na kaboni iliyozama ilikuwa kidogo sana. Meli ni ile ile na chuma ni kile kile, lakini majibu ni mawili tofauti.

Maumbile yenyewe hufanya jaribio hili bila ruhusa ya mtu. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kuliko upande wa Indonesia, kwa kiwango kisicho cha kawaida. Sisi tulipata mafuriko na maporomoko ya ardhi, West Pokot ikaomboleza. Australia ikakauka na kuungua. Moshi wa misitu yake ulibeba chuma hadi bahari ya kusini, ukaamsha mlipuko wa planktoni uliotanda eneo kubwa kuliko Australia yenyewe. Miezi hiyo hiyo vumbi la nchi za kusini mwa Afrika zilizokumbwa na ukame lilitua kusini-mashariki mwa Madagascar, na bahari ya huko ikageuka kijani kwa namna isiyo ya kawaida.

Sasa turudi Kariobangi, kwa sababu mtu atauliza: kama bahari ina njaa ya chuma, si tuachie mito ikipeleke? Mto Nairobi unapita kando ya mtambo wa majitaka wa Kariobangi, ukakata kati ya Korogocho na Dandora, ukaingia Athi. Athi hupokea maji ya Tsavo na kuitwa Galana, na mwishoni Sabaki, hadi baharini kaskazini ya Malindi. Maji huko mdomoni ni mekundu, na kaskazi ikivuma tope husukumwa hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi. Chuma kimo. Lakini maji baridi yakikutana na chumvi, sehemu kubwa ya chuma kilichoyeyuka huganda na kutua palepale. Hakifiki Antaktika. Kinachobaki ni tope linalofunika matumbawe, na mbolea ya vinyesi vya mji wetu. Tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 limehifadhi historia ya udongo huo, na linaonyesha mmomonyoko ukipanda tangu mwanzo wa karne ya 20, mashamba ya walowezi yalipoanza kupanuka. Udongo ule ulipaswa kubaki shambani. Sioni namna yoyote ya kuuita mchango kwa tabianchi.

Wala si kila bahari ya kijani inayofyonza kaboni. Kusi ikivuma, maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka kilindini pwani ya Somalia na Oman, planktoni zikalipuka na samaki wakafuata. Lakini maji hayo huja na kaboni ya kilindini pia, na katika miezi hiyo bahari ya huko hutoa hewa ukaa kuliko inavyomeza.

Linaloniogofya zaidi liko mbali na macho. Maji ya bahari ya kusini huzama na kutembea chini kwa chini kuelekea kaskazini, yakibeba rutuba ambayo planktoni za huko zilishindwa kuitumia kwa kukosa chuma. Mwaka 2004 Jorge Sarmiento na wenzake walikadiria kwamba rutuba hiyo hulisha takribani robo tatu ya uzalishaji wa planktoni kaskazini mwa latitudo ya 30 kusini. Sisi tumo humo: Shimoni, Lamu, Kilwa, Pemba. Chuma kikimwagwa kwa wingi kusini, rutuba italiwa hukohuko, na hesabu za kompyuta zinaonyesha bahari za tropiki zikipungukiwa. Mvuvi wa Malindi atakuwa amelipia kaboni ya viwanda asivyowahi kuviona.

Wauzaji wa hati za kaboni, wanaotaka kulipwa kwa hewa ukaa inayozamishwa, hawajakata tamaa. Mwaka 2012 takribani tani 100 za salfeti ya chuma zilimwagwa karibu na visiwa vya Haida Gwaii, Kanada, kwa matumaini ya samaki na ya mauzo hayo. Mwaka uliofuata nchi za Itifaki ya London, mkataba unaodhibiti utupaji wa taka baharini, zilikubaliana kuifanyia marekebisho ili kudhibiti urutubishaji wa bahari, lakini nchi zinazotakiwa kuyaridhia zimejivuta. Machi 2019, Gigiri, mwendo mfupi kutoka Kariobangi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipelekewa pendekezo la kuchunguza teknolojia za kuchezea tabianchi. Pendekezo hilo liliondolewa bila makubaliano.

Utafiti wenyewe siupingi. Wanasayansi wa Marekani na wengine wanapanga majaribio mapya kaskazini mwa Pasifiki, na ni bora bahari ipimwe na watafiti kuliko na wafanyabiashara. Ila mipango hiyo hupima kaboni inayozama mahali chuma kilipomwagwa. Rutuba inayokosekana maelfu ya kilomita mbele, miongo kadhaa baadaye, haimo kwenye vipimo vya meli yoyote. Kenya inayo taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, pale Mombasa, na meli yake ya RV Mtafiti. Serikali iipe fedha za kupima naitreti, chuma na planktoni za maji yetu msimu baada ya msimu, kusi na kaskazi, kuanzia sasa. Bila takwimu za kabla, hatutakuwa na cha kuweka mezani siku samaki watakapopungua.