Kura Iliyofunga Pensheni ya Mafundi wa Boeing

Mkataba wa hali bora kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi hubeba malipo ya aina mbili: yanayoingia mfukoni mwisho wa mwezi na yanayosubiri siku ya kustaafu. Nchini Marekani hayo ya pili yanategemea sana meza ya majadiliano. Serikali huendesha mfuko wake wa hifadhi ya jamii, Social Security, lakini fao lake ni sehemu tu ya mshahara aliouzoea mfanyakazi. Sheria haimlazimishi mwajiri kuongeza pensheni yake juu ya hilo. Inachomlazimisha ni kuzungumza: tangu kesi ya kampuni ya chuma ya Inland Steel mwaka 1948, mahakama zinahesabu pensheni kuwa jambo ambalo mwajiri hawezi kukataa kujadiliana na chama. Kwa hiyo mwanachama anayepigia kura mkataba anaupigia kura uzee wake pia, pengine miaka thelathini kabla haujafika. Foleni ni moja kwa yule anayestaafu mwakani na kwa kijana aliyeajiriwa juzi, na hesabu zao hazifanani hata kidogo.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika miaka ya karibuni ni wa mafundi wanaounda ndege za Boeing katika jimbo la Washington. Chama chao ni IAM, chama cha kimataifa cha mafundi mitambo, kupitia Kanda ya 751 iliyoanza Seattle mwaka 1935. Viwanda vikuu ni viwili. Cha Renton huunda 737. Cha Everett huunda 767 na 777. Ndege mbili za 737 MAX 9 ambazo Air Tanzania ilizipokea Oktoba 2023 na Machi 2024 zimetoka katika mikono hiyo ya Renton. Dreamliner, ambayo Air Tanzania na Kenya Airways wanayo pia, ina historia nyingine: mwaka 2009 Boeing iliamua kuweka laini ya pili ya kuiunganisha North Charleston, South Carolina, kwenye kiwanda kisicho na chama, na tangu 2021 Dreamliner zote huunganishwa huko. Mafundi wa Seattle hawakuhitaji kuelezwa maana ya uamuzi huo. Katika kila mazungumzo yaliyofuata, South Carolina ilikuwa mezani hata isipotajwa.

Pensheni waliyokuwa nayo ilikuwa ya mafao yanayojulikana tangu mwanzo. Hesabu yake ni nyepesi: kiasi fulani cha dola kwa kila mwaka wa utumishi, kinacholipwa kila mwezi hadi kifo. Kiwango kikiwa dola 95, aliyetumikia miaka 30 anapata dola 2,850 kwa mwezi. Masoko ya hisa yakianguka, hasara ni ya kampuni. Mstaafu akiishi hadi miaka mia, gharama ni ya kampuni pia. Akaunti ya 401(k), inayoitwa hivyo kutokana na kifungu kilichoingizwa katika sheria ya kodi mwaka 1978, imegeuza mambo hayo yote. Mfanyakazi anachangia, mwajiri anaongeza, fedha zinawekezwa, na siku ya kustaafu kilichomo ndicho kilichomo. Kinachojulikana ni mchango. Fao linabaki kuwa kitendawili. Mwaka 2024 ni kama asilimia 15 tu ya wafanyakazi wa sekta binafsi Marekani waliokuwa bado na nafasi ya kupata pensheni ya aina ile ya zamani.

Novemba 2013 Boeing ilikuwa ikiamua ndege yake mpya, 777X, itaundwa wapi. Bunge la jimbo la Washington liliharakisha msamaha wa kodi wenye thamani ya dola bilioni 8.7 hadi mwaka 2040. Kwa mafundi kampuni ilikuwa na masharti: mkataba uliokuwa uishe 2016 uongezwe hadi 2024, na pensheni isitishwe. Tarehe 13 Novemba walikataa kwa asilimia 67. Boeing ikaanza kupokea maombi ya majimbo mengine yaliyokitaka kiwanda hicho, na majimbo 22 yakajitokeza.

Hapo ndipo chama kilipogawanyika ndani kwa ndani. Makao makuu ya IAM yaliagiza kura nyingine ipigwe tarehe 3 Januari 2014, ilhali viongozi wa Kanda ya 751 wenyewe waliwashauri wanachama wakatae tena. Wengi walilalamika kwamba tarehe hiyo iliangukia likizo za mwisho wa mwaka, wenzao wakiwa safarini. Hoja ya upande wa ndiyo haikuwa ya kijinga: pensheni ya kiwanda kilichohama hailishi mtu. Upande wa hapana ulijibu kwamba mwajiri aliyepata faida na msamaha wa kodi hana sababu ya kuomba zaidi, na kwamba akipewa leo ataomba tena kesho. Asilimia 51 walikubali, 49 walikataa. Pamoja na ndiyo hiyo kulikuwa na dola 10,000 taslimu kwa kila mmoja, na nyongeza za jumla za mshahara zilizofika asilimia 4 tu kwa miaka minane, mbali na marekebisho ya gharama za maisha.

Kusitishwa hakumaanishi kufutwa. Sheria ya pensheni ya mwaka 1974, ERISA, ilizaliwa baada ya mikasa kama ule wa kiwanda cha magari cha Studebaker, South Bend, kilichofungwa Desemba 1963 na kuwaacha maelfu ya wafanyakazi na sehemu ndogo ya walichoahidiwa au bila chochote. Sheria hiyo inalinda fao ambalo mfanyakazi amekwisha kulitumikia. Hailindi miaka ijayo. Kwa mafundi wa Boeing saa ilisimama mwishoni mwa Oktoba 2016. Aliyeajiriwa 1996 alikuwa na miaka 20. Hata akifanya kazi hadi 2026, hesabu ya pensheni yake inabaki 20. Walioajiriwa baada ya kura hiyo hawakupata hata mwaka mmoja. Haki ya mzee ililindwa, na bei ikalipwa na mtu ambaye siku ya kura hakuwa hata amejaza fomu ya kuomba kazi. Huo ndio upungufu mkubwa wa kura za aina hii, na hakuna kanuni ya chama inayouziba.

Septemba 2024 mkataba ule mrefu ulifika mwisho. Viongozi wa kanda, wakiongozwa na Jon Holden, walifikia makubaliano ya awali na kampuni: nyongeza ya asilimia 25 kwa miaka minne, bila pensheni. Kanuni za IAM zina mtego wake. Mkataba unakubaliwa au kukataliwa kwa wingi wa kawaida, lakini mgomo unahitaji theluthi mbili. Zikikosekana, mkataba uliokataliwa unahesabiwa kuwa umekubaliwa, kama ilivyotokea 2002. Safari hii hapakuwa na utata. Tarehe 12 Septemba asilimia 94.6 walikataa na asilimia 96 waliunga mkono mgomo, kinyume na ushauri wa viongozi wao. Kesho yake takriban mafundi 33,000 waliacha kazi.

Kilichofuata kilikuwa mvutano wa tumbo. Bima ya afya ya kampuni ilikoma mwisho wa Septemba. Posho ya mgomo ilikuwa dola 250 kwa wiki, tena kuanzia wiki ya tatu. Boeing nayo ilikuwa ikivuja damu: tarehe 23 Oktoba ilitangaza hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 kwa robo mwaka, na siku hiyo hiyo mafundi wakakataa pendekezo la asilimia 35 kwa kura asilimia 64.

Kwenye vituo vya mgomo hoja zilifuata umri. Wenye pensheni iliyosimama walitaka irudi, na baadhi hawakuwa tayari kusikia lolote lisiloitaja. Wengi wa vijana walitazama kodi ya nyumba Seattle na kuuliza mshahara. Wapo pia vijana walioitaka pensheni wasiyowahi kuwa nayo, na wazee waliotaka tu kurudi kazini kabla akiba haijaisha. Mgawanyiko wa umri haukuwa kamili, ingawa ndio uliotawala.

Kampuni haikusogea hata hatua moja kwenye pensheni. Mwajiri anaweza kuongeza mshahara na kujua gharama yake hadi senti ya mwisho. Pensheni ni deni la miaka hamsini linaloandikwa kwenye vitabu vyake kila robo mwaka. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kiligonga ukuta huo huo mwaka 2023: kiliomba pensheni kwa wote na kikapata mchango wa mwajiri wa asilimia 10 katika 401(k). IBM ilirudisha aina fulani ya pensheni mwaka 2024, lakini hiyo ilikuwa hesabu ya kampuni yenyewe na haikutokana na mgomo.

Tarehe 4 Novemba asilimia 59 walikubali: nyongeza ya asilimia 38 kwa miaka minne, dola 12,000 za kusaini, na katika 401(k) kampuni kuweka kiasi sawa na mchango wa mfanyakazi hadi asilimia 8 ya mshahara, kisha kuweka asilimia 4 nyingine hata asipochangia. Wenye pensheni ya zamani walipandishiwa kiwango kutoka dola 95 hadi 105 kwa kila mwaka wa utumishi, yaani dola 200 zaidi kwa mwezi kwa mwenye miaka 20. Saa yenyewe haikuwashwa. Mkataba unaisha Septemba 2028, na kufikia hapo wanachama walioajiriwa kabla ya kura ya 2014 watakuwa wachache zaidi katika foleni ya kura.