Binti na Mkeka wa Mama

Mwana Kupona binti Msham alipotunga utenzi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikwisha fariki. Utenzi ni wasia kwa bintiye, Mwana Hashima. Wengi tunaukumbuka kwa habari za mume: atiiwe, atunzwe, asiudhiwe. Wanaoukosoa leo huanzia hapo, na hoja wanayo. Lakini mume anatajwa wa tano, baada ya Mungu, Mtume, baba na mama. Tena yule mama hakutuma amri; alimwita mtoto akae karibu naye, aje na karatasi na wino.

Malezi ya namna hiyo bado yapo Lamu, Mombasa na Unguja. Kusoma, binti hufundishwa chuoni: alifu kwanza, kisha juzuu baada ya juzuu mpaka ahitimu. Kuipenda dini ni kazi ya nyumbani. Usiku wa kuamkia Ijumaa mama hutandika mkeka, akatia udi chetezoni, akawasomea marehemu Yasini. Pembeni kipo kitoto cha miaka sita, kimejitanda kanga inayoburura chini, kinaitikia "amini" hata pasipo dua. Ramadhani mtoto hufunga nusu siku. Adhuhuri hulishwa jikoni, na magharibi husifiwa mbele ya baba kama aliyeshinda na njaa kutwa. Uongo huo, sijaona uliyemharibu.

Kuna nyumba nyingine. Binti akivunja ungo, anavishwa buibui na kupigwa marufuku kutoka, bila maelezo. Kaka yake yuko barazani mpaka usiku wa manane, alfajiri inampita amelala, na hakuna anayemgombeza. Binti anayaona yote. Akifika chuo kikuu Dar es Salaam au Nairobi, huenda akavua buibui na kuacha sala siku ileile, maana vyote viwili vilikuwa vya baba.

Wapo pia wanaowazidi wazazi kwa dini. Binti anahudhuria darsa, anarudi na kumwambia mama kwamba maulidi anayoyasoma tangu utotoni ni bidaa. Mama huumia, hasa kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha kusoma. Mama aliyezoea kuamrisha hufoka, na binti hufoka vilevile. Aliyezoea kukaa naye mkekani humuuliza dalili, wakabishana mpaka chai ikapoa. Wengi huishia kwenye mapatano ya kinyumbani: maulidi yatasomwa, binti atapika pilau, ila kwenye duara hakai.